Ivuna na Mbozi: Mawe ya Nyanda za Juu Kusini Yanayoisaidia Darubini ya Anga za Juu Kuusoma Mfumo wa Jua

Wanasayansi wanaochunguza asili ya jua na sayari zake wana jina moja la Kitanzania ambalo hawawezi kulikwepa katika kazi yao: Ivuna. Kata ya Ivuna ipo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, eneo ambalo hadi mwaka 2016 lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Desemba 16, 1938 kimondo kilianguka huko, na jiwe lililookotwa lilikuwa na uzito wa gramu 705, pungufu ya pakiti ya kilo moja ya sukari. Jiwe hilo dogo limelipa jina kundi zima la vimondo, na leo hutumika kama kipimo cha kulinganishia madini yanayoonwa na darubini kubwa kuliko zote zilizowahi kupelekwa anga za juu.

Katika mkoa huohuo, kwenye Kijiji cha Ndolezi wilayani Mbozi, kipo kimondo kingine chenye sifa tofauti kabisa: bonge la chuma lenye urefu wa takribani mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mawe hayo mawili yametoka katika ardhi ambayo wakati wa ukoloni ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, jimbo lililoziunganisha Mbeya na Iringa. Moja linajulikana kwa watalii, jingine linajulikana kwa watafiti, na wananchi wengi hawajapata kuelezwa uhusiano wa mawe hayo na habari za anga za juu wanazozisikia mara kwa mara redioni na kuzisoma mitandaoni.

Uhusiano huo ni wa moja kwa moja. Darubini hukusanya mwanga, lakini mwanga peke yake hautaji jina la jiwe ulikotoka. Ili kujua kilichomo katika gimba lililo mbali mamilioni ya kilometa, mtafiti hulazimika kuulinganisha mwanga huo na jiwe analoweza kulipima maabara. Kwa sababu hiyo, ardhi ya Nyanda za Juu Kusini ina nafasi ya pekee katika elimu ya anga, na namna wananchi wanavyoyatunza na kuyafahamu mawe hayo ni suala lenye uzito wa kitaifa.

Darubini inavyofanya kazi

Darubini ya James Webb ilirushwa Desemba 25, 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, kwa ushirikiano wa Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA), la Ulaya (ESA) na la Canada (CSA). Kioo chake kikuu kina upana wa mita 6.5 na kimeundwa kwa vipande 18 vyenye pembe sita, vilivyopakwa utando mwembamba wa dhahabu. Darubini hiyo ipo umbali wa takribani kilometa milioni 1.5 kutoka duniani, zaidi ya mara tatu ya umbali wa mwezi.

Sababu ya kuipeleka mbali kiasi hicho ni joto. Webb huona mionzi ya infraredi, yaani mionzi ambayo jicho la binadamu haliioni lakini ngozi huihisi kama joto la makaa. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi hiyo, ikiwemo darubini yenyewe, hivyo ni lazima ikae katika baridi kali. Ngao ya tabaka 5, yenye ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi, huikinga dhidi ya jua na kuufanya upande wa kioo kuwa na baridi ya zaidi ya nyuzi 220 za Selsiasi chini ya sifuri.

Hewa ya dunia nayo ni kikwazo. Mvuke wa maji uliomo angani hunyonya sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi kabla haijafika ardhini. Ndiyo maana darubini za ardhini hujengwa juu ya milima mikavu. Hata katika uwanda wa Kitulo, unaofikia mwinuko wa takribani mita 2,600 kutoka usawa wa bahari na wenye usiku mweupe wa nyota wakati wa kiangazi, bado kuna hewa na mvuke wa kutosha kuzuia sehemu ya mionzi hiyo. Nje ya angahewa kizuizi hicho hakipo.

Watu wengi huihusisha Webb na nyota za mbali, lakini sehemu muhimu ya kazi yake inafanyika ndani ya mfumo wa jua. Septemba 2022 ilitoa picha ya pete za Neptuni zilizoonekana kwa uwazi ambao haukuwa umepatikana kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2023 iliona mvuke wa maji ukirushwa kutoka Enceladus, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali, na kutapakaa umbali wa zaidi ya kilometa 9,600. Agosti 2025 ilitangazwa kwamba picha zake zimeonesha mwezi mpya wa sayari ya Uranusi, wenye upana unaokadiriwa kuwa kilometa 10, na kuifanya idadi ya miezi inayojulikana ya sayari hiyo kufikia 29. Watafiti waliopitia picha zake za zamani walibaini pia asteroidi ndogo 138 ambazo hazikuwa zinajulikana, baadhi zikiwa na upana wa mita 10 tu.

Darubini hiyo ina mipaka yake. Haiwezi kuelekezwa kwenye jua, wala kwenye sayari za Zebaki na Zuhura zilizo karibu na jua, kwa kuwa joto lingeiharibu. Aidha, huona uso wa gimba tu, haioni kilichomo ndani. Hapo ndipo vimondo vinapohitajika.

Kwa nini Ivuna

Asteroidi ni miamba iliyobaki baada ya jua na sayari kuumbika takribani miaka bilioni 4.56 iliyopita. Nyingi huzunguka jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Vipande vyake vinapogongana na kumeguka, baadhi huishia duniani, na kipande kinachofika ardhini ndicho tunachokiita kimondo.

Kila aina ya madini hunyonya sehemu fulani ya mwanga na kuirudisha sehemu nyingine. Mtafiti anapoutawanya mwanga wa asteroidi, huona mapengo mahali ambapo mwanga umenyonywa. Mapengo hayo ni kama alama ya kidole gumba: yana maana pale tu panapokuwepo kumbukumbu ya kulinganisha nayo.

Kumbukumbu iliyo karibu zaidi na malighafi ya mwanzo ya mfumo wa jua ni vimondo vya aina ya Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi zilizomo ndani yake unalingana kwa karibu sana na wa jua lenyewe. Kwa sababu hiyo, kitaalamu kundi hilo huitwa CI, ambapo herufi I inasimama badala ya Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vilivyoshuhudiwa vikianguka na kuokotwa ni vichache mno. Katika kumbukumbu za karne ya 19 na ya 20 vinatajwa vitano tu, kikiwemo cha Orgueil nchini Ufaransa kilichoanguka mwaka 1864.

Uchache huo una sababu. Vimondo vya aina hii ni laini, vimejaa madini yanayofanana na udongo wa mfinyanzi pamoja na chumvichumvi, na vikinyeshewa humomonyoka. Kimondo cha Ivuna kilianguka Desemba, mwezi wa mvua katika Nyanda za Juu Kusini. Kama kisingeokotwa mapema, kingeyeyukia ardhini na jina la Ivuna lisingejulikana popote katika sayansi. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilinunua kipande chake, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa katika gesi ya naitrojeni ili kisichafuliwe na hewa ya dunia.

Thamani ya jiwe hilo imeongezeka katika miaka ya karibuni. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwepo kwa amino asidi, yaani viambajengo vya protini, ndani ya vimondo vya Orgueil na Ivuna. Desemba 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilileta duniani gramu 5.4 za udongo na mawe kutoka asteroidi ya Ryugu. Taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ililitaja jina la Ivuna katika kichwa chake cha habari, kwa kuwa sampuli za Ryugu zilibainika kufanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Septemba 2023 chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu, na Januari 2025 ikatangazwa kwamba ndani yake mna aina 14 kati ya 20 za amino asidi zinazotumiwa na viumbe hai.

Hatua iliyofuata ilifanywa na darubini. Mwaka 2025 watafiti walichapisha ulinganisho wa mwanga wa asteroidi ya Polana, yenye upana wa takribani kilometa 55, uliopimwa na Webb, pamoja na takwimu za Bennu na Ryugu. Zilionekana kufanana kiasi cha kuipa nguvu hoja kwamba asteroidi hizo tatu huenda zilimeguka kutoka gimba moja la kale. Hivyo darubini iliitazama Polana, Polana ikalinganishwa na Ryugu, na Ryugu ilikuwa tayari imetambuliwa kwa msaada wa jiwe lililoangukia Momba.

Mbozi na fumbo la chuma

Kimondo cha Mbozi kinaeleza sura nyingine ya historia hiyo. Wakazi wa eneo hilo walikifahamu kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa ulimwengu wa nje mwaka 1930. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana; baadaye udongo ulichimbwa pembeni na nguzo kujengwa chini yake. Kwa muda mrefu uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 12, kabla ya makadirio mapya ya tani 16 kutumika. Barani Afrika, kimondo kikubwa zaidi ni cha Hoba nchini Namibia, chenye takribani tani 60.

Kimondo hicho ni chuma kwa takribani asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vimondo vingi vya chuma hudhaniwa kuwa vipande vya viini vya magimba ambayo zamani yaliyeyuka kwa joto. Chuma kizito kikazama katikati kama ilivyotokea kwa dunia, kisha migongano ikayavunja. Kiini cha dunia hakifikiki kwa kuchimba. Anayekigusa Kimondo cha Mbozi hugusa chuma ambacho huenda kilitokea ndani ya gimba lililovunjika. Aidha, kimondo hicho hakijaingizwa katika kundi lolote rasmi la vimondo vya chuma kwa sababu mchanganyiko wa kemikali zake ni wa pekee, jambo linalokifanya kiwe swali ambalo bado halijajibiwa.

Swali kama hilo ndilo linalotafutiwa majibu katika asteroidi ya Psyche, yenye upana wa zaidi ya kilometa 200 na chuma kingi. Chombo cha NASA chenye jina hilohilo kilirushwa Oktoba 13, 2023 na kinatarajiwa kuifikia mwaka 2029. Kabla hakijafika, Webb tayari imeitazama asteroidi hiyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionesha dalili za molekuli za hidrojeni na oksijeni zilizoshikamana na madini ya uso wake. Dalili hiyo imewafanya watafiti wajiulize upya iwapo Psyche ni kiini kitupu cha chuma au ina historia yenye maji ndani yake.

Usalama wa raia na taarifa sahihi

Uchunguzi wa asteroidi una upande unaowagusa wananchi wote. Desemba 27, 2024 darubini iliyopo Chile iligundua asteroidi iliyopewa jina la 2024 YR4. Februari 18, 2025 uwezekano wa kuigonga dunia Desemba 22, 2032 ulikadiriwa kuwa asilimia 3.1. Ukanda ambao ungeweza kuathirika ulianzia mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika Kusini, ukalikatiza bara la Afrika na kuishia Asia ya Kusini.

Siku chache baadaye vipimo zaidi viliushusha uwezekano huo hadi kuwa mdogo usio na hofu, na hatari kwa dunia ikaondolewa. Webb iliipima asteroidi hiyo na kubaini kuwa ina upana wa takribani mita 60. Mwenendo huo una somo. Kupanda kwa asilimia hakukuwa na maana kwamba asteroidi ilikuwa inasogea kuelekea duniani. Njia yake ilikuwa ileile, ila kipimo chake kilikuwa bado hakijakamilika. Mwananchi anayefahamu hilo hatayumbishwa na ujumbe wa kutisha unaosambazwa kwenye simu bila chanzo, na atasubiri tamko la taasisi zenye dhamana.

Wakati huohuo, tahadhari ina msingi. Februari 15, 2013 gimba lenye upana wa takribani mita 20 lililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi, na watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Juni 30, 1908 mlipuko wa Tunguska, Siberia, uliangusha miti katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 2,000. Kwa kumbukumbu ya tukio hilo, Umoja wa Mataifa mwaka 2016 uliitangaza Juni 30 kuwa Siku ya Kimataifa ya Asteroidi, na katika miaka ya karibuni siku hiyo imekuwa ikiadhimishwa pia Mbozi, kwenye eneo la kimondo linalosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA).

Nafasi ya Mbeya na Iringa

Mikoa ya Mbeya na Iringa inayo mazingira ya kuyageuza mambo haya kuwa elimu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mkoani Iringa huandaa walimu wa sekondari, wakiwemo wa fizikia na jiografia. Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mfumo wa jua hufundishwa katika somo la jiografia, na misingi ya elimu ya anga imekuwa sehemu ya fizikia ya sekondari. Mwalimu anayehitimu Iringa na kupangiwa shule yoyote kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia ana kitu ambacho walimu wengi duniani hawana: anaweza kuwaongoza wanafunzi wake kukigusa kipande halisi cha asteroidi badala ya kuishia kwenye mchoro wa kitabu.

Mwamko huo ulionekana Septemba 1, 2016, pale Rujewa wilayani Mbarali palipokuwa kitovu cha kutazama kupatwa kwa jua kipete, tukio lililowavuta wanafunzi, wataalamu na wageni katika mji huo ulio kati ya Iringa na Mbeya. Njia ya tukio jingine la aina hiyo itapita katika baadhi ya maeneo ya Tanzania Mei 21, 2031. Mtoto anayeanza elimu ya msingi sasa atakuwa bado shuleni siku hiyo, hivyo muda wa kujiandaa, ikiwemo kuhakikisha matumizi ya miwani maalumu ya kulinda macho, upo.

Kwa upande wa utalii, safari inayoanzia Iringa, penye eneo la Zama za Mawe la Isimila na lango la kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, inaweza kuendelea kwa barabara hiyohiyo hadi Mbeya na kisha Ndolezi. Msafiri atakuwa ameanza na zana za mawe za binadamu wa kale na kumaliza na chuma kilichotoka nje ya dunia. Maelezo anayopewa mgeni pale Ndolezi yanapaswa kulingana na uzito wa anachokitazama, na ni vyema jina la Ivuna likatajwa pia, kwa kuwa jiwe lenyewe halipo hapo kuonekana.

Wajibu wa mwananchi ni wa kawaida lakini una maana kubwa. Kimondo kipya huwa na ganda jeusi lililoungua, mara nyingi ni kizito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo, na vingi huvutwa na sumaku. Anayeona mwanga mkali ukishuka angani na kisha kukuta jiwe la namna hiyo anashauriwa kuandika mahali na muda, kutoliosha wala kulivunja, kulifunga katika kitu safi na kikavu bila kulishikashika kwa mikono mitupu, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa ili Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ifikiwe. Katika msimu wa mvua, kuchelewa kwa siku chache kunaweza kuliharibu jiwe lililodumu kwa miaka bilioni 4.

Ujenzi wa darubini kama Webb ni kazi ya mataifa mengi na miongo mingi. Kulilinda bonge la chuma la Ndolezi lisimeguliwe, kumfundisha mwanafunzi wa Momba kwa nini jina la kata yake limo katika vitabu vya sayansi duniani, na kuliokota ipasavyo jiwe litakaloanguka kesho ni kazi zilizo ndani ya uwezo wa Watanzania wenyewe.